Pengo Katikati ya Chai

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba picha zangu ni za kweli. Nilikuwa na sheria zangu: kompyuta iongeze mwangaza kidogo, inyooshe mlima uliolala upande, ifute vumbi la lenzi. Basi. Vijana walionitumia picha za vilima vya Roret vyenye anga ya zambarau niliwajibu kwa ukali, nikiwauliza jua la namna hiyo huzama kwa nani.

Kisha nikazivunja sheria hizo mwenyewe, tena kwa shamba la mama.

Asubuhi kumi na moja mfululizo nilipanda kilima cha ng'ambo kusubiri ukungu uinuke jua likiwa limeshafika kwenye chai. Ya kumi na mbili nikaipata picha. Shamba lilikuwa bapa na kijani kitupu, isipokuwa katikati, palipokuwa na pengo la udongo. Nilitaka picha hiyo iingie kwenye maonyesho ya Bomet, yaliyokuwa yamenikataa mara mbili. Nikanakili michai ya kando, nikaibandika juu ya udongo, nikalainisha kingo. Picha ikakubaliwa.

Nilimpelekea mama nakala. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Hii chai ya hapa katikati, nani alipanda?"

Nikamwambia nimeiongeza kwa kompyuta, ipendeze.

"Hii ni ile chai ng'ombe ilivunja kando. Iko hapa, na iko hapa tena." Akaiweka mezani. "Hapo niling'oa na hii mikono yangu, wiki mbili. Sasa wewe umerudisha ugonjwa kwa shamba."

Ulikuwa ugonjwa wa mizizi, unaotambaa chini kwa chini kutoka mchai hadi mchai. Majirani walimshauri apande mingine juu yake anyamaze. Akakataa, akachimba hadi mzizi wa mwisho. Mimi wakati huo nilikuwa nazunguka na kamera. Sikushika jembe hata siku moja. Niliona aibu.

Kesho yake nilimwendea msimamizi wa maonyesho nikamweleza.

"Lakini hiyo ingine iko na shimo," akasema. "Watu wanataka kuona chai poa. Na hakuna mtu atajua."

"Mama anajua. Weka ya kweli, ama toa jina langu kabisa."

Alinitazama kama mtu anayepima wazimu, kisha akasema niilete imechapishwa kabla ya Ijumaa. Nilirudi nyumbani nikaanza upya: mwangaza, mlima, vumbi. Hapo mkono ukasimama. Udongo niliuacha na weusi wake.

Sikushinda chochote. Zawadi ilichukuliwa na anga ya zambarau, na hadi leo jambo hilo linanikera. Lakini mama alikuja na gauni lake la kanisani, akasimama kando ya picha yetu tangu asubuhi. Saa sita mkulima mmoja mzee wa Kipkelion akaja, akauliza hilo shimo ni la nini.

"Hapo mimi niling'oa iliyokuwa mgonjwa," mama akasema. "Ndio hii ingine yote ikapona."

Yule mzee akasogea, akaweka kidole juu ya udongo ule.

"Yangu imeanza kukauka hivyo. Ulichimba mpaka wapi?"

Mama akakunja mkono wa gauni, akamwonyesha: mpaka kwapani.