Togwa Niliyomwaga Migombani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni Devota, mtoto wa kaka yake Skolastika, huyu ambaye leo jumuiya imesali kwake. Mimi si msemaji. Nikisimama mbele za watu sauti inanikimbia, kwa hiyo nimeandika kwenye daftari na nitasoma. Naomba msinitazame sana.

Nilikuwa mzima. Nasoma kidato cha tatu kule Songea mjini. Nyumbani tuko watatu, baba, mama na mimi, na kila jioni kabla ya kula tunasali. Baba ndiye anayeongoza. Nilidhani imani ndiyo hiyo: kusali, kutokosa misa, kutotukana watu.

Shangazi hakujaliwa mtoto, na mumewe alishafariki. Mwanzoni mwa mwaka huu alimwambia baba, "Kaka, nipe Devota nikae naye, nyumba imekuwa kimya mno." Baba akamuuliza, "Na shule je?" Shangazi akacheka, akasema basi, alikuwa anajaribu bahati yake. Mama hakucheka. Nilimwona.

Haukupita muda nikaanza kuumwa.

Ilianza kiu. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua, watu wamejifunika makoti, mimi namaliza jagi zima la maji na ulimi bado mkavu. Kisha mkojo. Darasani naomba ruhusa kila kipindi, mpaka wavulana wakanipa jina la Bomba. Nyumbani nikaanza kulowesha kitanda. Kidato cha tatu! Nilificha shuka chini ya godoro, mama akafuata harufu akalikuta. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nakula kumshinda baba, lakini sketi ya shule inanivuka, naifunga kwa pini.

Shangazi akasikia. Kila Jumamosi akawa anapanda bodaboda kutoka hapa Maposeni na kidumu cha togwa, uji mtamu wa kimea aliopika mwenyewe. Jumamosi ya kwanza, kabla sijaonja, nikamsikia mama jikoni akimwambia jirani, "Aliomba mtoto akanyimwa. Halafu mtoto huyohuyo anakauka. We unaonaje?"

Jirani akasema, "Mwenzangu, angalieni vikombe."

Basi nikawa naangalia vikombe. Shangazi akinimiminia togwa naenda nayo nyuma ya jiko, naimwaga kwenye migomba, narudi najifuta mdomo.

"Umeipenda?"

"Tamu, shangazi."

Jumamosi tatu. Sikunywa hata funda moja. Soda alizoninunulia mama ndizo nilizomaliza zote.

Jumamosi ya tatu shangazi alitoka chooni uso umebadilika. "Wifi," akamwambia mama, "kule chooni sisimizi wamejaa pale anapokojoa mtoto. Siwapendi hawa sisimizi. Marehemu mume wangu alianza hivihivi. Mpelekeni akapimwe sukari, tena leo."

Ninyi labda mngeshukuru. Sisi tulitazamana. Alipoondoka mama akasema, "Amejuaje? Mtu anajuaje ugonjwa kabla ya daktari?"

Baba akasema, "Sisi ni Wakristo, hatuamini mambo hayo." Kisha akaingia chumbani, akatoka na maji ya baraka. Akanyunyiza mlangoni. Akanyunyiza na stuli aliyokuwa amekalia dada yake. Baadaye akampigia simu kwamba asije tena mpaka nipone. Hospitali hatukwenda, kwa sababu aliyeitaja alikuwa yeye.

Haikuisha wiki nikaanza kutapika. Tumbo linakata, napumua kama mtu aliyetoka kukimbia, na mdomo wangu unanuka kama matunda yaliyooza. Mama akaita bajaji. Hospitali walinitoboa kidole, mashine ikashindwa kusoma, sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Nakumbuka dripu. Nakumbuka baba ameshika rozari lakini midomo haichezi.

Nilipozinduka nilimsikia mama akisema, "Daktari, kuna mtu alikuwa anamletea togwa."

Daktari akauliza, "Alikunywa kiasi gani?"

Wakanigeukia wote. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

"Mama," akasema daktari, "ugonjwa huu haukuletwa na togwa, na haukuletwa na mtu. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Mngengoja siku moja zaidi mngekuwa mnazungumza mengine."

Alipotoka, mama akanong'ona, "Daktari hajui ya kwetu."

Nilianza kuchomwa sindano, na sasa najichoma mwenyewe kila siku. Mwanzoni hata ile dawa niliishuku. Nilikuwa nainua kichupa dirishani kutafuta kama kuna kitu kinaelea. Niliwashuku manesi, nikamshuku mwanamke wa kitanda cha jirani aliyenipa chungwa. Mwili ukarudi. Kitanda kikabaki kikavu, sketi ikanikaa. Ila kila mtu aliyekuja kunipa pole nilimwangalia mikono.

Siku moja mmoja wenu akampigia baba. Alisema jumuiya ilisali hapa kwa shangazi, shangazi akapika wali na kuku, watu wakajibu amina wakaaga. Sufuria zikabaki zimejaa.

Mama akasema, "Watu wanajua wanachokijua."

Nikafikiri: wanajua tulichowaambia sisi, maneno ya jikoni kwetu yameshafika Maposeni.

Jioni ile tuliposali, baba alifika kwenye "utusamehe makosa yetu," nami nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Togwa sikunywa."

"Togwa gani?"

"Ya shangazi. Yote niliimwaga kwenye migomba. Niliumwa hivihivi, bila togwa yake."

Mama akasema polepole, "Lakini ulikuwa unamwambia tamu."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Yeye. Halafu na ninyi."

Mama akakaa sakafuni. Baba hakuimalizia ile sala. Alisema tu, "Kesho tunakwenda Maposeni."

Tulimkuta shangazi anapukuchua mahindi hapo uani. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote huku natazama ungo. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza.

"Ndiyo maana migomba yenu imenenepa kukushinda wewe," akasema.

Mama akaangua kilio. Shangazi hakulia. Akamwambia, "Wifi, mimi nimewasamehe. Lakini hawa majirani waliokuwa wakila kwangu miaka yote, nani atawaambia?"

Kwa hiyo nimekuja kuwaambia. Shangazi yangu hakunifanya kitu. Yeye ndiye aliyeona ugonjwa wangu kwanza, na sisi tukamfukuza.

Namshukuru Mungu nipo. Namshukuru daktari na wale manesi. Mtoto wenu akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa ovyo, anakonda na huku anakula, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, hata kama anayewashauri hamumpendi. Na wenzangu wenye aibu, mimi watu waliniita mpole kwa sababu sisemi. Nilinyamaza miezi miwili, na kwa kunyamaza kwangu mtu akala wali wake peke yake.

Leo shangazi amepika tena. Mmemwona wenyewe, kabla hajafunika sufuria amechota kijiko akaonja mbele yetu sote. Hakuna aliyemwambia aonje. Baadhi yenu mmeshaanza kutazama mlango. Nawaona, maana kazi hiyo ya kutazama niliifanya sana.

Mimi nimeshachoma sindano yangu kabla sijaanza kusoma, na ukishachoma ni lazima ule, usipokula unaanguka.

Shangazi, nipakulie.