Nyumba ya Wagiriki Ilipomposa Mjukuu Wangu

Hebu niambie, mjukuu wako wa pekee akiingia jikoni akuambie, "Nyanya, nataka kuwa Mgiriki," wewe ungefanya nini? Mimi niliweka mwiko chini. Wagiriki niliwajua wa kwenye Biblia tu, wale walioandikiwa barua, na sikusikia popote kwamba walihamia Minnesota.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa kwa binti yangu kule Frogtown, Saint Paul. Binti yangu alikuwa na kazi ya kuangalia wazee, shifti juu ya shifti, kwa hivyo mtu wangu wa kupiga naye stori alikuwa huyo mjukuu. Alikuwa anasoma chuo kikuu huko Minneapolis, basi moja tu kufuata University Avenue, na jioni anarudi kulala nyumbani. Jumapili tukitoka kanisani namsuka. Mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu Kizungu, kichwa chake kiko katikati ya magoti yangu. Kizungu nilikuwa nashika nusu, nusu nyingine najijazia mwenyewe. Hapa namsemesha Kiswahili ili mumsikie vizuri, lakini jueni kilikuwa Kizungu kitupu.

"Na wiki hii niko na rashi," akaongeza siku ile jikoni.

Rashi! Maskini mtoto! Nikamwambia, "Vua hilo shati nione mgongo," na Vaseline nishaishika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe rashi sio upele. Ni zile siku wasichana wa chuo wanazunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta nyumba ya kujiunga nayo. Hizo nyumba zina herufi za Kigiriki mlangoni, ndio wakajiita Wagiriki, lakini ukiingia ndani hupati Mgiriki hata wa dawa. Ni wasichana wa hapa hapa, huyu wa Bloomington, huyu wa Anoka, na wakishaingia wanaitana dada.

"Sasa mkifika huko mnafanya nini?"

"Tunakunywa juisi, Nyanya. Tunatabasamu. Wanatuuliza mambo yetu. Tukitoka wanakaa wanatujadili, wachukue nani."

"Na nyinyi mnangoja jibu?"

"Tunangoja."

Nikapiga makofi. "Ai, mke mwenza! Mbona hukusema mapema? Hiyo ni posa!"

Si ndio? Kwetu wageni wanakuja, wanapewa chai, wanamtazama msichana kuanzia kidole cha mguu, halafu wanaenda kumjadili kwao. Tofauti ni kwamba hapa msichana anajipeleka mwenyewe, na anayeposa sio mwanamume, ni nyumba nzima. Basi mambo ya posa si ndiyo kazi yangu? Nikaanza kumfunza. Juisi usimalize, wasiseme umekuja na njaa. Msalimie hata yule anayefungua mlango, maana huyo ndiye huwa anasikilizwa. Ukiulizwa kitu usijibu mbio. Mama yake akaingia kutoka kazini akatukuta nimekaa kwa kochi, nimejifunga shuka begani, mimi ndiye nyumba, na mjukuu anapokea glasi kwa mikono miwili.

"Mama, mnafanya nini jamani?"

"Nyamaza, tuko kwa rashi."

Katikati ya wiki akarudi hana raha. Kulikuwa na nyumba moja aliyoipenda kuliko zote, ile wasichana wake walimuuliza jina wakarudia mpaka wakalisema sawa. Tangu aje nchi hii akiwa mdogo, jina lake lilikuwa linavunjwa kila mahali. Alichotaka ni mahali pa kuingia watu waseme, afadhali umekuja. Sasa siku hiyo wenzake walikuwa wanaongea habari ya legasi. Legasi ni kama mama yako au nyanya yako aliwahi kuwa wa nyumba kama hizo.

"Kila mtu ana mtu," akasema, macho yamejaa maji. "Mimi sina. Hawatanichukua."

"Huna mtu? Na mimi ni nani, kabati?"

Nikamkalisha. Nikamwambia habari ya chama chetu cha kina mama kule nyumbani. Leso zetu za sare. Wimbo wetu, ambao mtu wa nje hafundishwi. Huwezi kujiingilia tu, unakuja kwanza unapika na sisi harusini, tunakuangalia, kama una mdomo tunakuacha hapo hapo. Tukikutaka, tunakuja mlangoni kwako tukiimba, na unapewa dada mkubwa wa kukushika mkono.

Mtoto akaacha kulia. "Nyanya, hiyo ni sororiti!"

"Sororiti ndiyo nini?"

"Si ndiyo hii nakwambia wiki nzima!"

"Basi legasi unayo. Kawaambie."

Akaenda akawaambia, siku ya mwisho ya kuzunguka. Mpaka wimbo aliwaimbia, maana nilimfundisha, yeye si mtu wa nje, ila nusu yake ameukosea. Anasema waliweka glasi chini wakamsogelea.

Siku ya majibu sikutoka karibu na simu. Ikalia.

"Nyanya! Nimepata bidi!"

"Bidii umekuwa nayo tangu utoto. Nyumba imesemaje?"

"Ndiyo nyumba imesema! Bidi ni wakikutaka! Wamenitaka!"

Wee! Nilipiga vigelegele mpaka jirani yetu, mama mmoja wa Kihmong, wale watu waliotoka Laos, akaja mbio akidhani nimeungua. Hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Nikamshika mikono tukaruka, yeye anaruka hajui kwa nini, anacheka kunishinda.

Nikarudi kwa simu nikihema. Mjukuu akasema, "Na wana chumba. Nitahamia huko baada ya Krismasi."

Hapo ndipo nikakumbuka. Ukishaposwa, unaenda. Nimefunza posa wiki nzima, nikasahau bibi harusi hubeba vitu vyake. Nikatazama kile kiti ninachokalia nikimsuka. 

"Nyanya? Uko?"

Niko, nikasema, lakini sauti haikutoka vizuri.

 Halafu yule mtoto, ambaye kwa miaka hakuwa amenijibu neno ila kwa Kizungu, akavuta pumzi akaniambia, sasa haya ni maneno yake mwenyewe kabisa:

"Nyanya, mimi naahidi. Kila Jumapili mimi nakuja, wewe nasuka mimi, na mimi najibu Kiswahili. Yote. Nikikosea, wewe cheka tu."