Ticha wa Pombe ya Mchele

Bosi wangu alipenda sana kutuelimisha. Mwaka ule aliamua kwamba sisi wa idara ya kompyuta, pale Arlington, ughaibuni, tukaonje pombe ya Kijapani ya mchele, na kila mtu aje na mgeni. Mgeni wangu alikuwa mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Moshi na alikuwa ameshachoka kuhesabu magari kutoka dirishani kwangu Falls Church.

Tatizo lilikuwa moja tu. Wiki yangu ya kwanza kazini niliulizwa kuhusu wazazi, nikasema mama ni mwalimu mstaafu. Mama alikuwa mpika mbege, pombe ya ndizi ya kwetu. Ndizi na ulezi ndivyo vilivyonisomesha mpaka chuo kikuu, nami nikaona haya kuvitaja mbele ya watu waliovaa tai.

Mjapani aliyetufundisha alikuwa na adabu kama mshenga. Mchele, alieleza, hupikwa kwa mvuke, hunyunyiziwa ukungu maalumu, kama ule wa mkate ulioharibika, kisha hulazwa kwenye chumba cha joto siku mbili, ukigeuzwa kwa mikono. Wenzangu waliposikia ukungu wakakunja pua. Nilipomtafsiria mama, aliketi wima.

"Si ndicho kimea chao hicho! Sisi tunaotesha ulezi, wao wanaotesha ukungu. Hebu muulize, kukiwa na baridi anaufunika na nini?"

Nikauliza. Mjapani akamgeukia mama, bosi akasahauliwa. Blanketi, alisema.

"Sisi magunia. Mwambie nimepika miaka thelathini, sijamwaga pipa hata moja."

Nikamwambia Mjapani kwamba mama amefurahishwa mno na somo.

Kisha tukaambiwa kwamba kwao mtu hajimiminii, humiminiwa na jirani yake. Mama akammiminia bosi, akakinyanyua kile kikombe, akapiga funda yeye, ndipo akampa kwa mikono miwili. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ujue haina sumu. Bosi akanitazama. Nikasema walimu wa kwetu huonja kwanza uji wa wanafunzi, basi mama amezoea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na lami na taa za barabarani.

Bosi akacheka, akamwinamia mama, akamshukuru kwa sauti mbele ya wote na kumwita ticha.

Garini, tukirudi kwa barabara ya Route 50, mama alikuwa amekipakata kikombe alichozawadiwa na yule Mjapani. Neno ticha analijua hata asiyejua Kiingereza. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi.

"Mwanangu," akasema, "umetafsiri vizuri. Nilidhani utaona haya kuwaambia kazi yangu. Kumbe bosi wako kaielewa mpaka kaniita ticha."

Nikamwambia asante, mama.