Alipopanda Mbuzi Bila Kubishana

Nyumbani kwetu Mjambere, ukimkuta mwanamume mzima amekalia mbuzi anakuna nazi, huna haja ya kuuliza matokeo ya mpira. Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Mimi ni shabiki wa timu nyekundu, mume wangu ni wa timu ya buluu, na yule ambaye timu yake imefungwa ndiye anayekuna nazi ya chakula cha jioni, barazani, mbele ya watu, huku akitaniwa. Tuliita kupanda mbuzi. Sheria aliitunga yeye mwenyewe mwaka tuliooana, akidhani timu yangu itafungwa milele. Msimu ule alikuna nazi mpaka akaota sugu kiganjani.

Nayaandika haya kwa sababu ni Disemba tena. Shule zimefungwa, wageni wa bara wanashuka kwa mabasi kuja kuogelea, mechi zinafuatana kama tasbihi, na televisheni yangu sijaitoa nje. Naitazama sebuleni, sauti nimeipunguza. Goli likiingia hulisikia kwanza kwa jirani, maana king'amuzi chake kiko mbele ya changu kwa sekunde chache, kwa hivyo hata furaha siku hizi inanifikia ikiwa imeshatumika.

Zamani likizo ilikuwa yetu. Mume wangu aliitoa televisheni barazani, mimi nikatandika mkeka, na mavyaa wangu, yaani mama yake, akaletewa kiti chake. Bibi huyo mpira haujui. Humshabikia yeyote aliyeanguka. Wa nne alikuwa jirani, mtu wa bara anayepakua malori ya viazi na vitunguu soko la Kongowea. Disemba ya kwanza tangu ahamie, mume wangu alimkaribisha kwa kumwambia kesho kutakuwa na mpira na mbuzi. Jirani akauliza, "Hiyo mbuzi mnaitoa saa ngapi?" Akajibiwa, mara tu mpira ukiisha.

Sisi wa pwani mnyama humwita mbuzi yule, na kile kibao cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno, tunakiita mbuzi ile. Lakini kwa mtu wa bara wote ni hiyo mbuzi, basi hatukuwa na njia ya kujua alichoelewa. Kesho yake alikuja na kisu kilichonolewa, pakiti ya chumvi na njaa ya tangu asubuhi. Mpira ulipoisha nikaileta mbuzi, nikamwekea mume wangu mbele, na jirani akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna kitu kinafuata kwa kamba. Mavyaa wangu alicheka mpaka tukamletea maji. Jirani alikula wali wa nazi siku ile kwa uso wa mtu aliyefiwa, na toka hapo akawa wetu.

Watu hudhani utani wa mpira unahusu mpira. Kwetu mpira ulikuwa mlango wa kuingilia mambo ya nyumbani. Kipa wangu akifungwa, mume wangu alisema kipa huyo ni kama fundi wetu wa bomba, humwoni mpaka maji yamejaa sebuleni. Nami nikamjibu kuwa mabeki wake ni kama geti letu, limefungwa kwa kamba na kuku wa watu wanapita watakavyo, na geti lenyewe aliahidi kulitengeneza tangu Ramadhani. Nikiomba dua penalti yao ipae, aliniambia dua la kuku halimpati mwewe. Hivyo ndivyo tulivyoambiana yaliyotuudhi. Kwa miaka kumi hatukuwahi kuketi tukasema hili limenikera na lile limenichoma, tulisubiri mechi. Na sijapata kujiona napendwa kama nilivyojiona yule mwanamume akinitania mbele ya mama yake.

Kisha kazi za makontena Changamwe, alikokuwa akiendesha lori, zikapungua, na yeye akaenda Arabuni kuendesha gari la nyumba moja. Mwaka wa kwanza hatukuachana. Alitazama mpira kwenye simu, na alinitumia sauti yake akipiga kelele, goli likanifikia kwa mdomo wake kabla halijafika kwenye televisheni yangu. Alipofungwa alidai hakuna mbuzi huko jangwani. Nilimwambia akune chochote atakachokiona.

Sijui ilianza lini. Sauti ziligeuka maandishi, na maandishi yakawa na heshima. Mwaka wa tatu timu yangu ilifungwa nne bila. Nikashika simu, nimejiandaa kutukanwa mpaka kwa mababu. Ujumbe ukaja: "Pole sana mke wangu kwa matokeo. Msijali, mtafanya vyema mechi ijayo." Niliusoma kama barua iliyotoka ofisini. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Akaniandikia kuwa ananitakia jioni njema.

Sitaficha, nilidhani ana mke mwingine. Mwanamume mwenye kosa hupata adabu ya ghafla. Nilimwambia jirani, naye akasema shemeji, huyo amechoka tu, akija atakuwa sawa. Nikaishi na neno hilo: akija.

Alikuja Disemba iliyopita, likizo ya wiki tatu baada ya miaka minne. Jioni ya kwanza aliuliza kama anaweza kuwasha feni. Nikamwambia feni ni yake, aliinunua mwenyewe. Akasema asante. Akinywa maji aliosha bilauri na kuifunika mahali pake. Watoto wetu wawili walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akawauliza masomo yanaendeleaje, kisha wote watatu wakabaki wakitazamana. Mavyaa wangu alifurahi mno. Alisema Arabuni kumemtengeneza mwanawe.

Siku ya tatu jirani alipita akamchokoza, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani mume wangu angemwambia jembe hilo ampelekee mwenye viazi vyake Kongowea. Siku ile alitabasamu, akasimama, akauliza jembe liko wapi. Jirani akanitazama mimi. Jembe lenyewe hatuna.

Nikaweka tumaini langu kwenye mpira. Tulitoa televisheni, tukatandika mkeka, kila mtu akakaa pake. Buluu wakafungwa tatu bila, nami nikaenda kuileta mbuzi huku moyo unanienda mbio kama msichana. Nilijua mwendo wake wote. Angesema refa kahongwa. Angesema mgongo unamuuma, kisha angeitikisa nazi sikioni na kudai ni koroma, haijakomaa, haikuniki. Ubishi wake ulikuwa na urefu wa nusu saa na mimi nilikuwa nimeungoja miaka minne.

Aliinuka, akakunja mikono ya shati, akapanda mbuzi. Akakuna. Nazi ilishuka nyeupe, laini, sawasawa, na yeye hakusema neno. Jirani alitupa mzaha wa kwanza, akatupa wa pili, wa tatu hakuumaliza.

"Bishana," nikamwambia.

"Nibishe nini, mke wangu? Tumefungwa."

Nikamnyang'anya bakuli, nikaingia jikoni, nikakamua tui huku nalia. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Ningeweza kumpiga kwa kifuu.

Asubuhi yake, tukinywa chai, nikamuuliza kama kaoa huko. Akaapa wallahi hajaoa, nami nikamwamini, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aje alionekana ameshtuka kweli. Kisha akaniambia.

"Kule nasema naam tangu alfajiri mpaka nalala. Mwenzangu mmoja alimtania mwenye nyumba neno dogo, la kuchekesha tu. Kesho yake akatiwa kwenye ndege. Tangu siku hiyo kila neno nalipima. Sasa hata hapa, ukinitania, nafikiri kwanza nijibu nini nisikosee."

"Ukosee kwa nani? Kwangu mimi?"

"Ndiyo maana naona haya," akasema, akazungusha kikombe.

Mke mwenza ningejua pa kumpata. Hili sikujua nilishike wapi. Zile wiki mbili zilizofuata nilikaa na mgeni mwema, anayeshukuru kwa kila sahani, nami nilimtamani mume wangu kuliko nilivyomtamani akiwa mbali. Akiwa mbali nilijua yuko mahali fulani. Sasa alikuwa amelala ubavuni kwangu na sikujua yuko wapi.

Jumamosi ya mwisho kabla hajaondoka ilikuwa zamu yangu kufungwa. Sikungoja kuambiwa. Nikaileta mbuzi mwenyewe, nikakaa, nikapasua nazi. Mimi nimekuna nazi tangu nikiwa na miaka saba. Marehemu mama yangu alinifundisha kwa kunipiga vidole, na sijapata kugusa kifuu, lile gamba gumu. Siku ile niligusa. Nilikandamiza nazi kwenye meno ya mbuzi nikizungusha mahali pamoja, mpaka vikaanza kushuka vipande vya kahawia, vigumu, katikati ya nyeupe. Mtu anayejua tui hawezi kustahimili kutazama uharibifu ule. Mavyaa wangu aliguna. Nikaendelea. Mume wangu aligeuza uso, akaurudisha, akageuza tena. Nikasikia anavuta pumzi.

"Mke wangu," akasema, "hapo ulipofika ni kifuu. Ukiendelea kuchimba utatokea Mtwapa."

Nikamwambia bora mimi ninayefika Mtwapa kuliko mshambuliaji wake, ambaye msimu mzima hajaliona goli. Akasema mshambuliaji wake angalau anajua anachokitafuta. Kutoka hapo hakunyamaza. Alitoka kwenye kukuna kwangu akaenda kwa kipa, akatoka kwa kipa akaingia kwenye geti, akasema ameacha mke miaka minne na kamba ni ile ile, tena sasa ina mafundo mengi kuliko ilivyokuwa. Jirani alikuwa amelala chali mkekani kwa kicheko. Watoto walitoka ndani kuja kuona ni nani huyo. Mavyaa wangu akasema wazimu wetu umerudi, na hakuwa amefurahi sana.

Wali wa siku ile ulikuwa na vidoa vya kahawia na tulitafuna changarawe za kifuu. Sijala chakula kitamu kama kile. Watu walipoondoka tukabaki wawili barazani, na ndipo aliponiambia kuwa ameshatia sahihi miaka miwili mingine. Alitia kabla hajapanda ndege kuja. Wiki zote zile alikuwa akiitafuta namna ya kunieleza, na adabu ilimsaidia kulikwepa jambo lenyewe.

"Usiende," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia, hata mara ya kwanza.

Aliitazama mbuzi iliyoegemezwa ukutani.

"Nikikaa tutakula nini?" akasema. "Mbuzi hii?"

Nikacheka. Mpaka leo najionea haya kwamba nilicheka. Ulikuwa mzaha mzuri kuliko yote aliyonipa kwa miaka minne, na ndani yake alikuwa ananiaga.

Nilikuwa nimejidanganya. Nilidhani nikimpata mume wangu hata kwa siku moja, moyo utatulia. Lakini yule mgeni ningemsindikiza bila shida. Ningemfungia mahamri, nikamwambia safari njema, nikarudi kufua mashuka. Huyu niliyemchimbua kwa mikono yangu ndiye aliyeondoka Jumatatu, akimwambia dereva wa teksi njia nzima kwamba mimi nimekuwa nikimharibia nazi. Tulipofika Changamwe, kwenye mlango wa uwanja wa ndege, alikuwa bado anaongea. Nilimshika mkono mpaka askari akasema mama, wanaosindikiza wanaishia hapa.

Kesho yake mchana ujumbe wake ukaingia. Mavyaa wangu macho hayamsaidii tena, akaniomba nimsomee. Nikasoma: "Assalaam aleikum. Nimefika salama, alhamdulillahi. Natumai nyote hamjambo. Nawashukuru sana kwa makaribisho yenu mema."

"Mwanangu yuna adabu," akasema mavyaa wangu. "Hebu nisomea tena."

Nikamsomea tena, na mara ya pili sikuweza kuumaliza.