Mlango wa Majivu

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, enzi za Mdachi, nilipoyazoa majivu yote ya mekoni kwa mama yangu nikayamwaga nyuma ya zizi, nikajiona nimestaarabika. Cheka tu, mwanangu. Siku ile mimi sikucheka.

Nilikuwa kijana wa kazi kwa bwana mmoja Mdachi wa reli, pale Dodoma. Sebuleni alikuwa na jiko la chuma la kuotea moto, na kila asubuhi nililikomba majivu mpaka ndani kung'ae. Likibaki jivu kidogo, nilikula kofi. Basi nikaamini kwamba jivu ni uchafu, na nyumba yenye jivu ni ya watu wasiojua mambo. Ujana huo!

Mke wangu akajifungua kabla ya miezi kutimia, nami nikapewa ruhusa ya siku chache. Nikamkuta mtoto wa kujaa viganja viwili, amelazwa karibu na moto ndani ya tembe letu. Baridi ya kwetu ya mwezi wa saba unaijua. Mkunga alikuwa amesema wazi kwamba mtoto yule akipatwa na baridi hatutakuwa naye tena. Mama yangu alikuwa ameutunza moto ule usiku tisa mfululizo, na haukuzimika hata mara moja.

Na mimi nikaona nini? Lundo la majivu. Mama alipokwenda kisimani jioni, nikafagia, nikajaza kuni nyembamba kavu, moto ukalamba hewa. Aliporudi akauliza majivu yako wapi. Nikamjibu kwa kiburi kwamba nimeona kwa Mdachi namna moto unavyotunzwa, apumzike, usiku huo naulinda mimi. Alikuwa amechoka, masikini. Akaniamini, akalala.

Nami nikalala, mwanangu. Moto wangu uliwaka kwa mbwembwe, kisha ukaniacha.

Alfajiri niliamshwa na kilio cha mke wangu. Mafiga yalikuwa baridi, na mtoto midomo imebadilika rangi, hata kunyonya hawezi. Mama alikwisha kumtia kifuani, mwili kwa mwili, amejifunika ngozi ya ng'ombe. Hakunitukana. Alininyooshea kigae cha chungu nikaombe moto kwa jirani, nami nikakimbia kuvuka korongo nikilia kama mtoto. Kwetu nyumba ikiomba moto alfajiri, watu huuliza ni nani aliyelala. Nikasema ni mimi. Majuto ni mjukuu, lakini yangu yalikuja asubuhi ileile.

Tulikoka moto. Jua lilipopanda, mtoto alishika titi, akanyonya. Mke wangu akanitazama, kisha akanigeuzia mgongo.

Jioni mama alinituma nyuma ya zizi nikayazoe majivu yangu kwa mikono. Akaweka gogo nene la mgunga, akasogeza makaa kwenye ncha yake, akayavumbika kwa majivu yale polepole, akaacha upenyo wa vidole viwili ili moto upumue. Vidole vyake vilijua kazi, nami nilivitazama kana kwamba sijapata kuviona. Hapo ndipo aliposema nami.

"Jiko la bwana wako lina mlango?"

"Linao, mama. Wa chuma."

"Usiku huufunga?"

"Huufunga."

"Mlango wetu sisi ni haya majivu. Uliung'oa ukautupa."

Miezi mingi nililifungua na kulifunga jiko lile, na sikuelewa kwamba mlango ule hubana hewa ili makaa yakae mpaka asubuhi. Mama hakuwahi kuliona, akalielewa kwa swali moja. Tangu siku ile sijamwona mwenye akili kumzidi.

Mtoto yule ni dada yako Nyemo. Moto huu unaouota sasa aliuvumbika yeye jana, kama bibi yako alivyomfundisha, na asubuhi ameupuliza mara moja tu.

Kwa hiyo nakuusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiona jambo la wageni, lipende ukitaka, lakini kabla hujafagia la kwenu, muulize aliyeliweka lina kazi gani. Na ukisema usiku huu naulinda mimi, basi usilale.

Mungu akupe gogo nene na majivu ya kutosha, na wanao waamke wakiwa na joto.