Jiwe la Chumvi Zizini

Juzi nilimwona ng'ombe wa jirani akilamba jiwe la chumvi, nikamkumbuka shangazi Kanana. Alasiri moja kule Kibirichia, viazi vikinukia jikoni, nilimkuta zizini akilamba jiwe kama hilo, mkono mmoja umeshika nguzo kwa kizunguzungu.

“Usimwambie nyanya yako, mwanangu,” alininong'oneza.

Nilidhani anawaonjea ng'ombe. Leo najua tezi zilizo juu ya figo zake zilikuwa zimeishiwa homoni inayozuia chumvi kupotea kwenye mkojo. Presha ilikuwa ikishuka, na mwili ukaitafuta chumvi popote.

Siku chache baadaye nyanya naye alimkuta akililamba, akalificha jiwe ili kumwondolea aibu.

Bila chumvi hiyo shangazi alizidi kudhoofika, tukamzika kabla viazi vya msimu huo havijavunwa. Kisha nyanya akalirudisha jiwe zizini, na ng'ombe wakalizunguka.