Majina Mawili Kwenye Mstari Mmoja

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi ya wilaya kulipia leseni ya baiskeli. Mbele yangu alisimama kijana mmoja, kuli wa bandarini Kurasini, pamoja na mkewe muuza maandazi. Baada ya miaka minne ya kudunduliza, walikuwa wamenunua nyumba ya udongo huko Temeke, na sasa walikuja kuiandikisha.

“Jina la mwenye nyumba?” karani aliuliza.

Kijana akataja la mkewe.

Karani akaweka kalamu chini. “Na akikuacha, bwana mdogo?”

“Mie naweza kulala hata ghalani, bwana. Yeye hawezi.”

Mke, ambaye bila shaka hakuambiwa mapema, alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kisha akasogea dirishani.

“Bwana karani, andika na la mume wangu. Nyumba nzima peke yangu niifanyie nini?”

Karani alisema mstari ni mmoja tu. Hata hivyo akayaandika yote mawili, kwa herufi ndogondogo, huku amebana pumzi.

Hati ya nyumba yangu ina jina langu tu, na mke wangu hajapata kuniuliza. Jana nilirudi kwenye dirisha lile kumwomba karani alibananishe na la mke wangu.